Kinanda, tarumbeta, bendi au ngoma: kanisa lenu lianze na kipi?

Fedha ya mavuno imepatikana, kamati ya muziki imekaa vikao vitatu, na mwafaka bado. Vijana wanataka dramu na magitaa. Mwalimu wa kwaya anaomba kinanda kipya badala ya kile chenye vitufe vinavyokwama. Wazee wanauliza zile tarumbeta za zamani ziliishia wapi. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya kamati ya namna hiyo: usharika, parokia au kigango chenye waumini kati ya 80 na 500, na uwezo wa kununua kitu kimoja vizuri, si vinne kwa mpigo.

Tutalinganisha njia nne zinazoonekana zaidi katika makanisa ya Tanzania na Kenya: kwaya yenye kinanda, kundi la tarumbeta, timu ya sifa na kuabudu yenye bendi, na ngoma pamoja na kayamba na manyanga. Kama taratibu za kanisa lenu haziruhusu vyombo kabisa, kama ilivyo katika sharika nyingi za dhehebu la Kanisa la Kristo, someni kuhusu uimbaji wa kwaya tu na sehemu ya urefu wa sauti.

## Mtapima kwa nini?

Kubalianeni vigezo kabla mtu hajataja jina la duka. Sisi tumetumia vitano.

Uimbaji wa waumini. Je, chombo kinawasaidia walio kwenye mabenchi kuimba, au kinawafanya watazamaji? Jaribio lake halina gharama. Katikati ya ubeti wa pili, vyombo vinyamaze ghafla. Wimbo ukiendelea, vyombo vinafanya kazi yake. Ukififia, mmekuwa mkisikiliza onyesho.

Watu. Wanahitajika wangapi, wanafundishwa kwa muda gani, na mmoja akiondoka kinabaki nini? Hiki ndicho kigezo kinachosahaulika mno, na kwa maoni yetu ndicho kizito kuliko vyote. Mpiga kinanda ni mwalimu aliyepata uhamisho. Mpiga besi kachaguliwa chuo mkoa wa mbali. Na chombo cha mamilioni kinafunikwa kitambaa hadi atokee mwingine.

Fedha. Bei ya kununulia ni nusu tu ya hesabu. Nyuzi, mafuta, adapta, waya, mafuta ya jenereta na nauli za mwalimu ni gharama za kila mwaka.

Jengo na umeme. Bati bila dari, sakafu ya saruji na kuta tupu hurudisha sauti mara nyingi. Mvua ikinyesha juu ya bati hilo, hakuna spika inayoishinda.

Ibada yenyewe. Jumapili ni siku moja. Kuna mazishi, harusi, maandamano ya Matawi, mikutano ya injili uwanjani, ibada za jumuiya nyumbani kwa mtu, na majira kama Kwaresima.

## Kwanza, urefu wa sauti

Njia zote nne huharibikia hapa, hivyo lifahamike mapema. Mkusanyiko wa kawaida, wanawake juu na wanaume oktava chini, huimba bila kujikamua kati ya A iliyo chini ya C ya kati na D iliyo oktava moja na nota moja juu ya hiyo C. Kwa wanaume hesabu ni hiyohiyo, oktava moja chini. Tuni ikipanda hadi F, wanaume wa nyuma hunyamaza kwanza, kisha akina mama, na mwishowe mnawasikia wenye maiki peke yao.

Chukueni wimbo unaofika mi ya juu katika ngazi ya do-re-mi, yaani sol-fa. Ukiupiga Do = E-flati (E iliyoshushwa nusu sauti), mi hiyo ni G, na hapo waumini wachache sana watafika. Ukishusha hadi Do = C inakuwa E, ya kufikika kwa shida kidogo. Do = B-flati inaishia D, pazuri kabisa, ila angalieni upande wa pili: kama tuni inaanzia so ya chini, hiyo sasa ni F nzito na wanawake wataipoteza. Kwa wimbo wa namna hiyo, C ndiyo suluhu.

## 1. Kwaya yenye kinanda

Uimbaji wa waumini. Kinanda kikipiga sauti nne za wimbo wa kitabu kwa utulivu, huwabeba hata wasioijua tuni, kwa sababu kinaweza kuonyesha tuni na kuijaza chini yake kwa wakati mmoja. Adui ni mdundo wa mashine. Mpigaji anachagua rumba, mkono wa kushoto unashika kodi (nota kadhaa kwa pamoja), mashine inakwenda. Waumini hushikilia nota ya mwisho ya mstari ili wavute pumzi. Mashine haina mapafu, haisubiri. Kufika ubeti wa tatu wako nyuma kwa mapigo mawili, mpigaji anaongeza sauti ili wamfuate, nao wanaacha kuimba. Kwa nyimbo za kitabu zimeni mdundo kabisa. Uacheni kwa mapambio, ambayo yenyewe yanakwenda kwa mapigo yasiyokatika.

Hatari ya pili haina uhusiano na chombo. Kwaya nne, kila moja na wimbo wake maalumu, pamoja na kwaya ngeni: ibada inapita saa mbili na waumini wameimba mara tatu tu. Kanuni inayofanya kazi ni kwaya moja kuwa ya zamu, nayo iongoze nyimbo za waumini kabla ya kufikiria wimbo wake.

Watu. Kwaya ya sauti nne inaanza kusimama ikiwa na watu 16, wanne kila sauti, na inatulia zaidi ikifika 24. Upungufu karibu kila mahali ni wa sauti ya tena, ile ya juu ya wanaume. Mkiwa na tena wawili, msiwalazimishe kupiga kelele; imbeni sauti tatu, wanaume wote pamoja, mpaka idadi ipatikane. Mazoezi mawili kwa wiki ya saa moja na nusu yanatosha, ilimradi nusu saa ya kwanza itumike kwa nyimbo za Jumapili za waumini wote.

Mpiga kinanda ndiye uzi mwembamba wa njia hii. Anayeanza sifuri na kufanya mazoezi kila siku huhitaji mwaka hadi miwili kabla hajapiga sauti nne bila kusimama. Kwa hiyo siku mnaponunua kinanda, teueni wanafunzi wawili, na kila mmoja akabidhiwe wimbo mmoja wa ibada, kwa mfano wa matoleo, mara tu anapoumudu. Kwaya nayo izoee kupewa Do kwa simu au kwa filimbi ya sauti na kuimba bila kinanda mara moja kwa mwezi. Umeme ukikatika siku ya Krismasi, hakuna atakayeshtuka.

Fedha. Vitufe 61 vinatosha nyimbo za sauti nne. 76 vinampa mpigaji nafasi ya kucheza utangulizi kwa uhuru. La muhimu zaidi ni vitufe vinavyoitikia nguvu ya kidole, stendi imara isiyotikisika, na adapta ya akiba ya volti na upande sahihi wa chanya na hasi, maana adapta hufa kabla ya kinanda. Adapta ya kubahatisha yenye plagi inayoingia huunguza bodi ya ndani siku hiyohiyo. Kisha kuna sare. Tunasema bila kumung'unya: katika kwaya nyingi, sare za miaka mitatu hugharimu kuliko kinanda, na hakuna anayeitisha kikao kuzijadili.

Jengo na umeme. Spika za ndani ya kibodi zinatosha chumba cha watu 50 au 60. Zaidi ya hapo pitisheni sauti kwenye spika ya kanisa, na mpigaji awe na spika ndogo yake, la sivyo anajisikia kwa kuchelewa. Panya na mende hupenda joto la ndani. Kinanda kirudishwe kwenye begi, kisibaki altareni chini ya kanga.

Ibada. Ni njia inayofuata liturujia kwa urahisi kuliko zote. Kwa Wakatoliki, mwongozo mkuu wa Misale ya Kirumi, namba 313, unaruhusu vyombo wakati wa Kwaresima kwa kusindikiza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Kinanda kinaweza kushuka hadi nota moja moja bila ibada kuyumba. Kwenye mazishi shambani ni mzigo, ingawa kibodi ndogo nyingine hutumia betri kavu.

Inawafaa wenye kitabu cha nyimbo kinachotumika kweli, mwalimu wa kwaya anayesoma sol-fa, na subira ya kufundisha.

## 2. Kundi la tarumbeta

Desturi hii ililetwa na Wajerumani. Wamoraviani wa Herrnhut, Ujerumani, wamekuwa wakikusanyika makaburini alfajiri ya Pasaka tangu 1732, na tarumbeta zikawa sehemu ya alfajiri hiyo. Wamisionari wao walifika Rungwe 1891, na wale wa shirika la Kilutheri la Leipzig wakaanza Kilimanjaro 1893. Kenya ina mkondo mwingine, Jeshi la Wokovu lililoingia 1921 na bendi za mtindo wa Kiingereza. Tofauti ya mikondo hii si historia tu, kama mtakavyoona.

Uimbaji wa waumini. Tarumbeta hupumua. Mpigaji anavuta pumzi mwisho wa mstari, palepale mwimbaji anapovuta yake, na ndiyo maana wimbo wa kitabu huenda vizuri sana na shaba. Ila kanisa dogo lenye watu 100 linafunikwa na tarumbeta sita kirahisi. Zipigwe ubeti wa kwanza na wa mwisho, katikati waumini waachwe wasikie sauti zao. Midomo nayo inapata nafuu; anayejifunza hachukui zaidi ya dakika 20 au 30 mfululizo kabla sauti haijaanza kupasuka.

Watu. Wanne wanatosha kuanza, mmoja kila sauti: tarumbeta mbili juu, tromboni au honi ya tena, na tuba au baritoni chini. Nane hadi kumi na wawili ndiyo salama, maana kila sauti inakuwa na mbadala. Mtoto wa miaka kumi na zaidi, mazoezi mara mbili kwa wiki na nusu saa nyumbani, anaweza kushika sauti yake ya wimbo mwepesi baada ya miezi sita hadi mwaka. Faida kubwa ipo hapa: kundi la watoto 12 halifi mmoja akihama.

Sasa tatizo ambalo limevunja makundi mengi, na wengi hudhani ni masikio mabovu. Katika desturi ya Kijerumani, mpiga tarumbeta ya B-flati husoma nota za kitabu cha nyimbo kama zilivyo: akiona B-flati, haminyi vali (vitufe vya tarumbeta) yoyote. Katika bendi za polisi, jeshi, shule na Jeshi la Wokovu, nota huandikwa upya kwa ajili ya chombo: mpigaji akiona C, haminyi vali, na kinachosikika ni B-flati. Wawekeni vijana wawili, mmoja wa kila shule, mbele ya ukurasa uleule. Watapiga kwa uhodari, na watapishana kwa sauti moja nzima mwanzo hadi mwisho. Ulizeni swali moja kabla ya kumkaribisha mwalimu: "Ukiona C, unaminya nini?" Akijibu vali ya kwanza na ya tatu, amefundishwa Kijerumani. Akijibu hakuna, ni wa mkondo wa pili. Mkondo wowote unafaa. Kuchanganya ndiko kusikofaa.

Fedha. Bei ya kuanzia ni kubwa, ya kuendesha ni ndogo. Sharika zenye uhusiano na dayosisi rafiki Ujerumani mara nyingi hupata vyombo vilivyotumika. Vikaguliwe kabla ya kupokelewa: kila vali ipande na kushuka bila kukwama, kila mrija utoke, na msipokee tuba yenye tundu kwenye kiungo. Matunzo ni matone matatu hadi matano ya mafuta ya vali kila wiki, grisi kwenye mirija ya kurekebishia (vaselini inasaidia kwa muda), na kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu kila baada ya miezi miwili au mitatu. Maji ya moto hubandua rangi. Vali zina namba 1, 2 na 3. Zikirudishwa kwa kupishana, hewa haipiti na chombo huonekana kimekufa. Kinywa cha tarumbeta kikiganda, kamwe koleo isiguswe: bomba husokoteka, na ufundi wake ni ghali. Kila mpigaji awe na kinywa chake, kwa afya.

Jengo na umeme. Umeme hauhitajiki hata kidogo. Kanisa dogo lenye bati wazi litawachosha masikio; wapigaji wasiwaelekee watu moja kwa moja, waelekee ukuta wa pembeni au wakae nyuma.

Ibada. Hapa tarumbeta haina mpinzani: makaburini, maandamano, uwekaji wa jiwe la msingi, mkutano wa uwanjani. Ndani ya ibada ya kimya, kama toba au Ijumaa Kuu, inahitaji mwalimu mwenye adabu.

Inawafaa usharika wenye watoto wengi, mwalimu anayekaa, na mazishi na maandamano yanayokusanya watu wengi.

## 3. Timu ya sifa na kuabudu na bendi

Uimbaji wa waumini. Bendi nzuri huinua watu kwa mapambio kuliko chombo kingine chochote, maana pambio halihitaji kitabu: kiongozi anarusha mstari, watu wanaudaka. Inaanguka pale timu inaponakili wimbo wa msanii kwa urefu wa msanii. Msanii huimba kwa kilele cha koo lake. Waumini hawana koo hilo. Shusheni nota mbili au tatu bila kuona haya. Dosari nyingine ni maneno yanayobadilika kila wiki: nyimbo mpya mbili kwa mwezi zinatosha, na ya kwanza irudiwe Jumapili tatu mfululizo.

Watu. Waimbaji watatu hadi sita, kibodi, gitaa, besi, dramu, na mtu mmoja zaidi ambaye kamati humsahau: fundi mitambo. Bila yeye, vifaa vya bei mbaya vinalia kama kipaza sauti cha mnadani. Vijana hujitokeza kwa wingi, na pia huondoka kwa wingi wakati wa chuo na ajira, hivyo kila chombo kiwe na watu wawili.

Fedha. Hapa ndipo bajeti hupasuka. Magitaa na dramu ni sehemu ndogo; miksa ya chaneli 12 au 16, amplifaya, spika mbili kubwa, monita (spika za kuwasikilizia waimbaji wenyewe) mbili au zaidi, maiki, stendi na waya ndivyo vinavyomeza fedha. Waya wa bei poa hukatika ndani ya ala yake na kutoa mkwaruzo ambao fundi hutafuta kwenye miksa saa nzima. Nunueni waya chache nzuri, mzikunje kwa duara badala ya kuzizungusha kwenye kiwiko. Karibu na bahari, Tanga au Mombasa, nyuzi za gitaa hupata kutu upesi. Futeni kwa kitambaa kikavu baada ya kila ibada na wekeni bajeti ya kubadilisha kila miezi miwili au mitatu.

Jengo na umeme. Dramu kwenye ukumbi wa bati na saruji ndiyo inayopanga sauti ya kila kitu: ikiwa kubwa, gitaa linapanda, waimbaji wanapanda, spika zinapanda, waumini wanashuka. Anzeni kupunguza hapo. Zulia chini ya seti, blanketi ndani ya ngoma kubwa, brashi badala ya fimbo, na toazi moja litolewe. Seti isiwekwe kona, maana kuta mbili huongeza mlio wa chini.

Mluzi wa maiki una sababu moja: sauti ya spika inaingia tena kwenye maiki. Tibuni kwa mpangilio huu. Spika kubwa zisogezwe mbele ya mstari wa maiki, zielekee watu. Monita ikae mbele ya mwimbaji, upande ambao mgongo wa maiki unaielekea. Mwimbaji asogeze maiki hadi sentimita tano za mdomo, kisha fundi apunguze geni (nguvu ya sauti inayoingia kwenye miksa). Mkono usifunike kichwa cha maiki, hata kama kwenye video inapendeza. Ikwalaiza (vitufe vya kurekebisha sauti nzito na nyembamba) ni ya mwisho, si ya kwanza.

Umeme: kwa amplifaya ya wati 1,000 pamoja na miksa, kibodi na gitaa, jenereta ya kVA 2.5 hadi 3 inatosha. Liwashwe kwanza, litulie, kisha miksa, na amplifaya mwisho kabisa. Wakati wa kuzima, amplifaya ianze. Mkigeuza mpangilio huo, kishindo chake kitapasua spika siku moja.

Ibada. Inang'ara kwenye ibada ya vijana, mkesha na mkutano wa injili. Kwenye liturujia yenye majibizano mafupi, bendi inachelewa kuingia na kutoka. Mchungaji amemaliza kusema na gitaa bado linatafuta kodi. Kibodi peke yake ishike majibizano, bendi ingojee nyimbo.

Inawafaa makanisa ya mjini yenye umeme wa kuaminika, vijana wengi na mtu mzima mmoja mwenye mamlaka juu ya kitufe cha sauti.

## 4. Ngoma, kayamba na manyanga

Uimbaji wa waumini. Wengi huiona kama njia ya waliokosa fedha. Kwa kigezo cha uimbaji, ndiyo inayoshinda mara nyingi, kwa kuwa ngoma haina tuni: wanadamu wasipoimba, hakuna wimbo. Pia Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni za kigeni mara nyingi huangusha pigo zito mahali pengine. Tuni zilizotungwa juu ya mdundo wa hapa hazina mgogoro huo. Howard Olson, mmisionari Mlutheri aliyefundisha chuo cha theolojia cha Makumira, alizikusanya tuni za makabila ya Tanzania kwa ajili ya ibada, na nyingine zimevuka hadi vitabu vya nyimbo vya Ulaya na Marekani. Udhaifu: ngoma haimpi mtu Do. Bila mwanzilishi mwenye sikio, kila wimbo huanza juu mno, na hakuna chombo cha kuwaokoa.

Watu. Wapigaji watatu wa ngoma na wawili hadi wanne wa kayamba na manyanga. Ngoma ndogo hushika pigo lisilobadilika, na apewe mtu mtulivu kuliko wote. Ya kati huijibu. Kubwa husema kidogo, kwenye kona za wimbo. Kosa la kawaida ni kinyume chake: hodari anapewa kubwa na kuipiga mfululizo.

Kayamba inashikwa kwa mikono miwili, gumba zikiwa juu, na kusukumwa kulia na kushoto ili mbegu ziteleze pamoja ndani ya matete. Gumba hugonga pigo zito. Anayeanza huitikisa juu na chini, mbegu zinarukaruka ovyo na mdundo unakuwa mchanganyiko wa kelele. Wiki mbili tatu za mazoezi zinamrekebisha.

Fedha. Ndiyo nafuu kuliko zote, na fedha hubaki kwa fundi wa hapohapo. Ngoma ya kamba huweza kukazwa kwa mkono. Ya vigingi inategemea joto. Msimu wa masika ngozi hulegea na sauti inakuwa ya sanduku. Ianikwe juani dakika 15 au 20 kabla ya ibada, au ikae karibu na moto bila kuuelekea kwa karibu, maana ngozi iliyoungua haina dawa. Ihifadhiwe juu ya rafu, si sakafuni, panya wasije wakaila.

Jengo na umeme. Haijali. Kwenye chumba kidogo, kayamba na ngoma moja zinatosha.

Ibada. Waraka wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya liturujia, wa Desemba 1963, uliruhusu vyombo vingine zaidi ya kinanda cha mabomba kwa idhini ya mamlaka ya kanisa la mahali, mradi vifae au viweze kufanywa vifae kwa matumizi matakatifu. Tangu hapo ngoma zimezoeleka katika parokia nyingi za Afrika Mashariki. Lakini ulizeni wazee kabla. Baadhi ya midundo ni ya unyago au ya uganga, na mzee anayeitambua hataimba, atainama. Kijana aliyezaliwa mjini hajui amepiga nini.

Inawafaa vigango, mitaa ya vijijini, jumuiya za nyumbani, na kanisa lolote lililochoka kuimbiwa.

## Mkitaka kuchanganya

Tarumbeta hupenda flati: F, B-flati, E-flati. Gitaa hupenda shapu (nota zilizopandishwa nusu sauti): G, D, A, E. Wakikutana bila mapatano, mmoja atateseka. Mpeni mpiga gitaa kapo, kibano cha kubana nyuzi shingoni mwa gitaa: kwenye freti ya kwanza, maumbo ya E yanatoa F na maumbo ya D yanatoa E-flati, kwenye freti ya tatu, maumbo ya G yanatoa B-flati. Kinanda chenye kitufe cha kuhamisha ufunguo nacho kinasaidia, ila kirudishwe sifuri baada ya wimbo. Kikiachwa kwenye hasi tatu, mpigaji anayefuata ataanza mahali tofauti na kila mtu.

Dramu na ngoma za ngozi zisipigwe pamoja kwa mazoea. Zinagombea kazi ileile.

## Kwa hali yenu

Kama hakuna umeme, au unakatika kila wiki, anzeni na ngoma na kwaya isiyotegemea chombo, kisha tarumbeta mkipata mwalimu. Kinanda cha betri kisubiri.

Kama mna mpiga mmoja tu hodari, wa chombo chochote, nunueni chombo chake, lakini kwa sharti la maandishi kwamba atafundisha wawili ndani ya mwaka. Asipokubali, nunueni kingine.

Kama waumini ni wazee zaidi na kitabu cha nyimbo ndicho msingi, kinanda bila mdundo. Tarumbeta ziongezwe kwa sikukuu.

Kama vijana wamejaa na wameanza kuhamia kanisa la jirani, bendi ndogo: kibodi, besi, gitaa moja na kahoni (sanduku la mbao linalopigwa kwa mikono) au ngoma badala ya seti nzima. Nusu ya fedha iende kwenye spika, waya na mafunzo ya fundi mitambo. Seti ya dramu ingojee mwaka wa pili, mkishajua jengo lenu linapokeaje sauti.

Kama kanisa lina watoto 30 wa Shule ya Jumapili na mtu mmoja anayejua kusoma nota za shaba, tarumbeta, hata kama fedha inatosha nne tu. Matunda yake huonekana mwaka wa tatu, hivyo kamati iwe tayari kutetea uamuzi huo mbele ya mkutano mkuu mara mbili.

Kama ni parokia yenye vigango sita, gawanyeni: kinanda kanisa kuu, ngoma na kayamba kila kigango, na mwalimu wa kwaya apewe nauli ya kuvizungukia vigango hivyo vyote kila robo mwaka.

Na kama fedha bado haijatimia, anzeni na mwalimu. Darasa la sol-fa la miezi mitatu, Jumamosi mbili kwa mwezi, linahitaji ubao, chaki na nauli ya mwalimu. Watakaolimaliza ndio mtakaowakabidhi chombo chochote mtakachokuja kununua.